Waliomfundisha Babu

Nakijwa aliitwa kijijini Kigongwe kumtibu Babu kikohozi.

Barua ya baraza la ukoo ilisema hivyo hivyo, bila mzaha, na katibu alikuwa ameipigia mstari sentensi yenyewe: mashine yetu inakohoa mno, tunaomba fundi aje kabla ya Jumamosi kwa sababu kuna shauri zito la mjane na zamu ya maji. Nakijwa aliisoma akiwa karakanani kwake mjini Same, akacheka mpaka fundi mwenzake akamuuliza kulikoni. Alhamisi asubuhi alifunga mkoba wa vifaa, akapanda basi la umeme linalokwenda milimani, na kufika saa nne alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya ukoo, pumzi zikimpaa kwa ule mwinuko na ukungu ukimlowesha kope.

Hapo ndipo alipozaliwa. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Sefania, alikuwa baba yake mdogo, na ndiye aliyempokea mlangoni. Walisalimiana kwa kirefu, akamuuliza habari za mumewe na za kazi, akamuuliza kama amekula, akamlazimisha kula ndizi mbili, ndipo akamwingiza ndani kwa mgonjwa.

Babu alikuwa sanduku la mbao za mvule, refu kama kabati la vyombo, lenye spika mbili kifuani na taa ndogo ya kijani iliyowaka alipokuwa akisikiliza. Miaka thelathini nyuma, wazee wa ukoo wa Kirumbe waliona vijana wanahama na mashauri yanageuka kuwa magomvi, wakaamua kujiwekea akiba ya sauti zao. Walikaa na vinasa sauti miezi minane wakisimulia kila walichokijua: mipaka ya mashamba, ndoa, laana, hukumu za baba zao, na hadithi walizokulia. Mashine ikalishwa yote hayo. Haikuyakariri. Ukiiuliza jambo, ilipekua masimulizi yote ikatafuta yaliyofanana na lako, ikayapima uzito, kisha ikakujibu kwa sauti moja iliyochanganywa kutokana na sauti za wazee kumi na tisa, ambao sasa wote walikuwa marehemu. Na katiba ya ukoo, iliyowekewa sahihi na kila mwenye kaya, ilisema kwamba Babu akishatoa jibu moja lililo wazi, hilo ndilo neno la mwisho.

Watu walimpenda. Alijua jina la kila jiwe la mpaka. Ndugu wawili waliokuwa hawaamkiani tangu ujana aliwapatanisha kwa kuwakumbusha siku walipoiba asali pamoja. Wakati wa likizo watoto walimjaa miguuni wakidai hadithi.

Ugonjwa wenyewe Nakijwa aliupata kabla saa moja haijaisha. Mmoja wa wale wazee alikuwa na pumu, na kila alipotaka kusema jambo kubwa alikohoa kwanza. Chujio lililokuwa likiondoa kikohozi chake lilichomoka katika matengenezo ya mwaka uliopita, na mashine, kwa kuona jinsi kikohozi kilivyotangulia maneno mazito, ikaamua kwamba nacho ni neno, tena neno la hekima. Tangu hapo kila shauri gumu lilijibiwa kwa kukohoa. Nakijwa alirudisha chujio mahali pake, akajifuta machozi ya kicheko, akaendelea na ukaguzi wa kawaida.

Katika ukaguzi fundi hupitia orodha ya wasemaji. Kulikuwa na saa mia nne na kumi na mbili za sauti, wanaume kumi na tisa, kila mmoja na jina lake na la baba yake. Chini kabisa ya orodha palikuwa na mstari ambao hakuwahi kuutilia maanani: msemaji asiyejulikana, mwanamke, sekunde mbili. Alibonyeza kuusikiliza.

"Chai tayari, wazee," ilisema sauti kwa mbali, kisha mlango ukafungwa.

Aliurudia mara tatu. Hapo hakucheka tena.

Baada ya matengenezo ilikuwa desturi yake kumjaribu Babu kwa maswali mepesi. Siku hiyo aliuliza lililomjia. Alimuuliza kama mwanamke aliyefiwa na mumewe anaweza kushika zamu ya maji. Taa ya kijani iliwaka, na Babu, bila kukohoa hata kidogo, akaanza kusimulia kwa sauti ya upole. Zamani mwanamke mmoja alikwenda kwenye ndiva, lile bwawa la juu linalokusanya maji ya mlimani na kuyagawa mashambani. Chatu mwenye maji alimwona, akakasirika, akahama, na ndiva ikakauka misimu mitatu. Kwa hiyo mjane hurudi mkononi mwa ndugu wa mumewe, na zamu ya maji hurudi pamoja naye.

Nakijwa alimgeukia baba yake mdogo akamuuliza shauri la Jumamosi linamhusu nani. Mzee Sefania alieleza polepole. Ni Namsifu, mjane wa Elikana. Ana shamba la tangawizi la matuta kumi na mawili pale juu, na zamu ya maji ya kila Jumatatu. Kiondo, mdogo wa marehemu, analitaka shamba pamoja na zamu, na amesema yuko tayari kumchukua na mjane mwenyewe kama ilivyo mila, ingawa mkewe Kiondo hakuna aliyemuuliza. Mzee alisema yeye binafsi anamwonea Namsifu huruma, lakini hana la kufanya, Babu ndiye atakayesema. Alilisema hilo kama mtu anayezungumzia mvua, na Nakijwa akaona kwamba hukumu alikuwa ameshaisikia.

*

Mchana alipanda shambani kwa Namsifu. Alimsikia kabla ya kumwona, maana alikuwa akiimba kwa sauti kubwa wimbo ambao hakuujua vizuri, akiruka maneno yaliyompotea na kujaza yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, mwenye mikono mipana. Alimwita Nakijwa wifi, akamkumbatia huku mikono ikiwa na udongo, na badala ya kumlilia shida zake akamtembeza.

Alikuwa ameyatandika matuta yake mabomba ya mianzi, kila pingili ikiwa imetobolewa kwa kipimo chake, hivi kwamba maji ya zamu moja yaliyomtosha jirani matuta sita yeye yalimtosha yote kumi na mawili. Alisema anaweza kusikia mwanzi ulioziba kwa mlio tu. Mwaka juzi, akiwa shambani, aliona majani chini ya ukuta wa mashariki wa ndiva yamekuwa mabichi kupita kiasi, akajua ukuta unavuja. Yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kufika kule, kwa hiyo alimwambia mumewe, na mumewe akalipeleka barazani kama wazo lake. Ukuta ulizibwa, Elikana akapigiwa makofi. Alirudi nyumbani akamwomba radhi, wakacheka pamoja.

"Elikana alikuwa mtu mzuri," Namsifu alisema. "Ila makofi aliyapokea."

Walipokuwa wameketi kwenye tuta la chini, akatokea shangazi yake Nakijwa, Bi Naetwe, dada yake Mzee Sefania, amepanda kilima kwa fimbo na kubeba bati la biskuti lililofungwa kwa khanga. Alikuwa na miaka sabini na haraka zake zilikuwa za msichana. Alilifungua bati hata kabla ya kusalimia. Ndani mlikuwa na kadi za kumbukumbu, nyingi, kila moja na kipande cha karatasi.

Alieleza kwamba mama yake, Bibi Nanzia, alikuwa na kikundi cha kina mama kilichokutana jikoni kwake kila Alhamisi kwa miaka kumi na sita. Walikuwa na simu ya kurekodia kwaya. Wimbo ulipokwisha hawakuwa na haja ya kuizima, nao walipenda kujisikiliza baadaye, basi ikaendelea kunasa kila walichozungumza: hadithi, mashauri ya ndoa, dawa, mashamba, nani alimkosea nani na walivyowapatanisha. Zilikuwa saa mia mbili na themanini. Bi Naetwe alikuwa amezihamisha kutoka kadi hadi kadi maisha yake yote ili zisiharibike, bila kujua anamwekea nani.

"Ufunguo wa Babu unao mkobani," alimwambia Nakijwa. "Waingize hawa kabla ya Jumamosi."

Nakijwa alimjibu kwamba fundi haruhusiwi kuongeza sauti bila idhini ya baraza. Alisema pia, kwa uaminifu, kwamba kazi yenyewe ingemchukua saa nne, na kwamba hakuna mtu Kigongwe ambaye angegundua.

"Baraza lilituomba idhini lini?" shangazi aliuliza, akalifunga bati.

*

Ijumaa Nakijwa alishinda jikoni kwa shangazi, vidude vya kusikilizia masikioni, akisaidia kupukuchua maharage. Alitaka kujua kilichomo kabla ya kuamua lolote. Kilichomo kilimchekesha mpaka maharage yakamwagika. Wanawake wale walikuwa na hukumu kali na ndimi kali zaidi, walimtania mchungaji, walimtania bibi mwenyewe, waliweza kumaliza ugomvi wa mke na mawifi zake kwa kumwigizia kila mtu sauti yake mpaka wote wakacheka. Hadithi nyingi zilikuwa zile zile anazosimulia Babu. Ila zilianzia mahali pengine na kuishia mahali pengine.

Hapo akaelewa kilichokuwa kimemkera tangu jana. Babu hakuwahi kukutana na mwanamke. Alikuwa amekutana na wanawake wa hadithini tu, tena hadithi zilizosimuliwa na wanaume wakiwa peke yao: mke mjinga, mke mjanja, bi harusi aliyegharimu ng'ombe wengi, mama aliyekaa akisubiri. Alipoulizwa habari za mjane kama Namsifu, alimpima kwa hao, akamwona ni yule wa chatu.

Mchana alimpigia Ketevan, fundi mwenzake wa milima ya nchi ya Jojia, ambaye alifahamiana naye katika chama cha mafundi wa mashine za kumbukumbu. Kila mmoja alisema lugha yake na kitafsiri kikawapatanisha. Ketevan alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kirefu, na hakuona jambo lolote geni katika habari za Kigongwe. Mashine ya bonde lao, alisema, ililishwa tenzi za mashujaa na hotuba za karamu. Wanawake waliomo ni wa aina mbili: aliye dirishani akimngojea mpanda farasi, na aliyesababisha vita. Msichana mmoja alipoomba kurithi kondoo wa baba yake, mashine ilimshauri akae dirishani. Akamsimulia na ya Korea, ambako mashine ililishwa vitabu vya nasaba. Humo mabinti hawakuandikwa majina, waliandikwa kama wake wa fulani tu, na mashine iliapa kwamba katika karne nne ukoo ule haukupata kuzaa msichana hata mmoja. Walicheka wote wawili.

Kisha Nakijwa akamuuliza kama aliwahi kufanya kile anachoombwa na shangazi.

Aliwahi. Aliingiza nyimbo na masimulizi ya wanawake wa bonde kwa siri, na hukumu zikageuka. Mambo yalikwenda vizuri mwaka mmoja na nusu. Halafu kijana mmoja wa chuo akakagua mashine, siri ikafichuka, wazee wakasema hukumu zote zile ziliibwa, wakazifuta. Kondoo walirudishwa kwa ndugu wa baba zao.

"Hilo nililitarajia," Ketevan alisema. "Nisilolitarajia ni wanawake wenyewe. Walinijia wakaniuliza: kumbe mwaka mzima tulikuwa tunasema barazani, mbona hukutuambia twende tukajisikilize?"

Nakijwa alimuuliza kama anajuta. Ketevan alifikiri. Alisema hajui. Wasichana wale walikuwa na kondoo wao mwaka mmoja na nusu, na mwaka mmoja na nusu si kitu kidogo. Hakutaka kumshauri lolote, akamtakia heri.

Nakijwa alikaa na jambo hilo mpaka jua lilipoanza kushuka. Akiuliza barazani, jibu lilikuwa karibu hakika ni hapana, na Namsifu angepoteza matuta kumi na mawili kwa sababu fundi wake alitaka kuwa mwaminifu. Uaminifu wa namna hiyo ni rahisi kwa mtu asiye na shamba. Akiwaingiza kwa siri, Namsifu angeshinda. Lakini wanawake wale, wenye sauti zile, wangekuwa wameingia nyumba ya ukoo kwa mlango wa jikoni kama walivyoingia maisha yao yote, na wangekaa humo bila majina, tayari kufukuzwa siku yoyote. Kila upande aliougeukia uliuma.

Mwishowe aliona kwamba anahangaika na kitu kisicho chake. Alipanda tena shambani, akamweleza Namsifu yote, njia ya siri na njia ya wazi, na akamwambia waziwazi kwamba ya wazi huenda ikashindwa.

Namsifu aliendelea kupalilia mstari mzima kabla ya kujibu.

"Wifi, mimi nimeshashinda kwa siri mara moja," alisema. "Ukuta niliuona mimi, mwingine akapigiwa makofi. Safari hii nikishinda nataka ijulikane nimeshindia nini na nimeshinda na nani. Nikishindwa pia, nataka washindwe kunitazama usoni."

Bi Naetwe alipopewa habari alinuna. Hata hivyo asubuhi yake Nakijwa alikuta bati la biskuti limefungwa upya, kwa khanga mpya iliyopigwa pasi.

*

Jumamosi nyumba ya ukoo ilijaa. Wazee saba wa baraza walikaa mbele karibu na Babu, wenye kaya kwenye mabenchi, na wanawake, kama kawaida, walisimama nje madirishani. Katiba ilimtaka fundi atoe taarifa ya hali ya mashine kabla ya shauri kuanza. Nakijwa alisimama, akatangaza kwamba kikohozi kimepona, na watu wakapiga makofi. Akasema kwamba hata hivyo mashine haijakamilika, akaeleza kwa nini, akawaonyesha bati, akaomba idhini ya kuziongeza sauti zile.

Kiondo ndiye aliyepinga kwanza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kupata. Alisema kwa adabu kwamba katiba inataja sauti za ukoo. Wake walioolewa katika ukoo ni wa koo za baba zao, na mabinti wa ukoo wakiolewa ni wa koo za waume zao. Wazee kadhaa walitikisa kichwa kukubali. Nakijwa aliona jinsi hesabu ile ilivyokamilika: kwa kwenda upande huu na upande ule, mwanamke hakuwa wa ukoo wowote duniani.

Hakubishana. Aliomba tu kumjaribu Babu mbele yao, kama fundi anavyojaribu kazi yake, na Mzee Sefania akamruhusu.

"Babu," aliuliza, "hadithi ya chatu wa ndiva ulisimuliwa na nani?"

Taa iliwaka. "Na mama yangu," Babu akajibu. "Jikoni, nikila viazi."

"Zamu za maji zilipangwa na nani?"

"Na wazee wa ukoo." Taa ikaendelea kuwaka. "Mama ndiye aliyezikumbuka. Baba alimuuliza kila asubuhi kabla ya kutoka."

"Mipaka ya mashamba ya juu ulionyeshwa na nani?"

"Na bibi. Alinishika mkono."

Madirishani watu walianza kucheka, na mabenchini pia, kwanza kwa kujizuia. Nakijwa aliwaambia kwamba amepekua masimulizi yote ya wale wazee kumi na tisa, na kwamba mara elfu moja mia tatu na zaidi wanasema wenyewe kuwa jambo walifundishwa na mama, bibi au shangazi. Hajaongeza kitu. Maneno ni ya wazee.

Mzee Sefania aliinua mkono watu wakanyamaza. Akamgeukia Babu yeye mwenyewe, jambo ambalo mwenyekiti hakulifanya mara kwa mara, akamuuliza kama inafaa kuwasikiliza hao waliomfundisha.

"Mama alipokuwa akisema," alijibu Babu, "sisi tulinyamaza."

Baraza lilipiga kura. Wanne walikubali kusikiliza kwanza rekodi moja, watatu walikataa. Bi Naetwe aliitwa alete bati lake. Alizunguka kutoka dirishani, akapita mlango mkubwa wa mbele, akatembea katikati ya mabenchi bila haraka hata kidogo, yeye aliyekuwa mtu wa haraka.

Rekodi aliyoichagua ilikuwa ya mama yake. Sauti ya Bibi Nanzia ilitoka kwenye spika ikiwa na sufuria zinazogongana nyuma yake. Alisimulia habari za chatu. Zamani wanaume walipewa kazi ya kulinda ndiva, alisema, wakalala. Ukuta ukapasuka. Mwanamke mmoja akasikia maji yanavyolia, akapanda, akaziba ufa kwa udongo na kwa mgongo wake mwenyewe mpaka asubuhi. Wanaume walipoamka wakaona aibu, wakamfukuza. Chatu akawaambia: mmemfukuza fundi wangu, nami nakaa hapa kufanya nini? Ndipo akahama, ndipo maji yakakauka.

Hapo wanawake wa rekodini waliangua kicheko, na bibi akaendelea kwa sauti ya kawaida. Alisema hiyo si hadithi tu. Mvua kubwa zilipobomoa mfereji wa ndiva, wanaume walikuwa mjini kutafuta kazi, na ni wao kina mama waliopanda wakachimba siku tisa, kimya kimya, wakakubaliana wasiseme. "Mimi nilichimba na Sefania mgongoni," alisema. "Alinikojolea siku zote tisa."

Nyumba nzima ilipasuka kwa vicheko. Mwenyekiti wa baraza, mtu aliyekuwa amesimamia zamu za maji kwa miaka ishirini, alikuwa ameingia ndivani kwa mara ya kwanza mgongoni mwa mwanamke. Mzee Sefania alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakuwa ameisikia sauti ya mama yake kwa miaka arobaini. Aliomba irudiwe kidogo pale mwisho, na iliporudiwa naye alicheka, machozi yakimtiririka bila kuyaficha.

Kura ya pili ilikuwa sita kwa mmoja.

Nakijwa aliifanya kazi mbele ya watu wote, akieleza kila hatua. Kabla ya kuingiza sauti ya msemaji alisoma jina lake na la mama yake, maana hakutaka yeyote aingie kama yule wa sekunde mbili. Walikuwa wanawake thelathini na mmoja. Kila jina liliposomwa mtu fulani dirishani aliitikia kwamba huyo ni bibi yangu, huyo ndiye aliyemzalisha mama, huyo ndiye aliyenipa jina. Ilichukua mpaka saa tisa. Watu walikwenda kula wakarudi, na waliporudi wanawake wengi walikaa mabenchini kwa sababu miguu ilikuwa imewachosha, na hakuna aliyewainua.

Mzee Sefania akasoma shauri, akamuuliza Babu.

Taa ilikaa kijani muda mrefu kuliko ilivyowahi kukaa. Sauti iliyotoka ilikuwa pana zaidi, kama ya nyumba yenye watu.

"Humu ndani tunabishana," alisema Babu. "Wapo wanaosema arudi mkononi mwa shemeji yake. Wapo wanaouliza mkono huo unajua kazi gani. Jibu moja sina."

Katibu alifungua katiba. Babu asipokuwa na jibu moja lililo wazi, ilisema, baraza litasikiliza wenye shauri na kuamua lenyewe. Kifungu hicho hakikuwa kimetumika miaka thelathini. Wazee walitazamana, na mmoja wao akauliza waanzie wapi.

"Tuanze na mwenye shamba," Mzee Sefania alisema. "Namsifu, mkwe wangu, sema."

Namsifu alisema. Alieleza mabomba yake ya mianzi, jinsi zamu moja inavyotosha matuta kumi na mawili, na jinsi angeweza kuwafundisha wengine wakitaka. Alieleza ukuta wa mashariki. Mzee mmoja alisema hilo lilikuwa wazo la Elikana, na kila mtu alilikumbuka. Namsifu alimtazama shemeji yake. Kiondo aliinamisha uso, kisha akasema ukweli: kaka yake alimwambia siku ile ile kwamba wazo lilikuwa la mkewe. Kutoka benchi la nyuma mkewe Kiondo akasema kwamba kwa kuwa leo ni siku ya kuulizana, naye ana jibu lake kuhusu kuletewa mke mwenza, na angefurahi kulitoa. Hakuna aliyeona haja ya kulisikia.

Baraza liliamua watano kwa wawili. Shamba na zamu ya Jumatatu viliandikwa kwa jina la Namsifu. Kiondo aliachiwa tuta la mpakani alilokuwa akililima tangu kaka yake yu hai, na Namsifu mwenyewe ndiye aliyelipendekeza hilo. Mmoja wa wale wawili waliopinga alitoka akisema kwamba mkutano mkuu wa mwaka ujao utaziondoa sauti za wanawake, na hilo lingali linangoja. Lakini sasa kila mtu alijua zimo, na kila mtu alijua za nani.

*

Jumatatu asubuhi Nakijwa aliahirisha safari ya kurudi mjini. Alipanda na Namsifu kwenda kufungua maji, na njiani wakaongezeka wengine, Bi Naetwe na fimbo yake, mkewe Kiondo, mabinti waliokuwa wametoroka kazi za nyumbani, mpaka wakawa kundi. Mzee Sefania alikuwa ametangulia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe pembeni ya ukuta, akasema amekuja kupunga upepo.

Ndiva ilikuwa ndogo kuliko Nakijwa alivyoiwaza. Maji yalitulia, meusi kidogo kwa kivuli cha mlima, na upande mmoja kulikuwa na ukuta wa mawe wenye kizibo cha mti kilichong'aa kwa mikono ya miaka mingi. Namsifu alitembea moja kwa moja mpaka ukuta wa mashariki, akauwekea sikio, akasikiliza kwa makini. Kisha akarudi, akakishika kizibo kwa mikono miwili, akavuta.

Maji yalitoka kwa kishindo kidogo, yakajikusanya mferejini, yakaanza kuteremka. Wanawake waliyafuata wakitembea kandokando, wengine wakikimbia kuyatangulia, wakiitana majina. Nakijwa alivua viatu akashuka ndani ya mfereji. Yalikuwa baridi kuliko alivyotarajia, yakampanda mpaka vifundoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alizaliwa umbali wa dakika ishirini kutoka hapo, na maji hayo alikuwa hajawahi kuyagusa mahali yanapoanzia.

Shangazi alimwuliza kutoka juu kama yana baridi.

"Shuka uone," alisema Nakijwa, akamnyooshea mkono.